Nilikuwa karani wa sensa 2022 Dar: watu hawagomi, wanasahauliwa

Mkuu, umeuliza kwa nini watu wa mjini wanaikwepa sensa na wahamasishwe vipi safari ijayo. Mwaka 2022 nilikuwa karani upande wa Temeke, kwenye nyumba za kupanga. Waliokataa katakata walikuwa wawili tu. Waliotajwa nusu nusu ndio walionitoa jasho.

Kuna nyumba ya vyumba sita, mama mwenye nyumba akanipokea vizuri, kiti na maji ya baridi, akasema, "Mwanangu, hapa tuko wanne." Kamba imejaa nguo za ukoo mzima! Nikauliza wapangaji. Akashusha sauti: ukiwaandika hao, kesho si watakuja watu wa kodi ya pango? Hofu ya namna hiyo gari la matangazo haliiondoi. Mjumbe niliyeongozana naye ndiye aliyeiondoa, maana wamezikana miaka yote. Mimi nikaongezea kwamba Sheria ya Takwimu inanifunga mdomo. Nikitoa taarifa zake nje, wa kushtakiwa ni mimi. Milango mitano ikafunguka, kila chumba kaya yake.

Halafu dada wa kazi. Swali letu lilikuwa nani alilala hapa usiku wa kuamkia Jumanne, Agosti 23. Mama anataja mume, watoto, hadi shemeji aliyekuja kutibiwa. Binti aliyenifungulia geti hatajwi. "Na huyu?" "Aa, huyu si wa hapa, kwao Singida." Sasa Singida nako nani angemhesabu, wakati hakulala kule? Walinzi ni hivyo hivyo. Mke anasema mume hakulala nyumbani, basi anamruka, kumbe tulielekezwa aliyekesha kazini ahesabiwe kwake.

Serikali ilitangaza siku ile iwe mapumziko. Sawa, lakini bodaboda na mama ntilie mapumziko ndiyo siku yao ya kuuza. Mchana nilikuta makufuli. Wengi niliwapata baada ya saa mbili usiku, na hapo bila mjumbe hakuna anayekufungulia (hata mimi nisingefungua).

Kwa hiyo ningepewa kazi ya uhamasishaji, pesa za mabango ningepunguza. Ningeenda kwenye vikoba, vijiwe vya boda na kwa wenye nyumba, miezi kabla, nieleze mambo mawili tu: majibu hayaendi kwa watu wa kodi, na kila aliyelala ndani anatajwa, awe mpangaji, mtoto wa jana au mwenye ulemavu aliyefungiwa chumbani.

Matokeo yalipotoka, Dar ilikuwa na watu 5,383,728 kati ya 61,741,120 wa nchi nzima. Jirani yangu alibisha wiki nzima kwamba jiji lina watu zaidi ya hapo. Nikamuuliza kama alimtaja dada wake wa kazi. Akaniuliza Simba wanacheza lini.