Maswali na Majibu: Hacienda za Mexico

Je, hacienda ni shamba kubwa tu?
Ni zaidi ya shamba. Ndani yake mlikuwa na kanisa, duka, nyumba za vibarua na pengine hata mahabusu. Argentina wana estancia, ambako mali ni ng'ombe zaidi.

Kama waliteswa, mbona vibarua hawakuondoka?
Waliteswa, na aliyewafunga ni deni. Kibarua alikopa kwa bwana fedha za harusi au za kumzika mzazi. Kisha mara nyingi alilipwa kwa vipande vya chuma visivyopokelewa popote ila kwenye duka la hacienda, tienda de raya, na bei ya mahindi humo alipanga bwana huyohuyo. Aliyetoroka alisakwa akarudishwa. Hacienda ikiuzwa, madeni yalikwenda pamoja nayo. Yucatán, kusini-mashariki mwa Mexico, hali ilikuwa mbaya kupindukia: Wamaya, wenyeji wa huko, walikata majani ya henequen, jamii ya mkonge, na serikali ya Porfirio Díaz, rais wa Mexico wakati huo, ikawasomba Wayaqui, kabila la wenyeji, kutoka Sonora, mbali kaskazini, waje kufanya kazi hiyohiyo. Wengi walikufa. Wapo wanaosema hii ilikuwa ajira ya zama zile. Mimi nauita utumwa. Katiba ya 1917 ndiyo iliyokataza kuwalipa watu namna hiyo.

Babu yangu alikuwa manamba Tanga. Ni kweli mkonge ulitoka huko?
Kweli kabisa. Asili yake ni Mexico, ila kwetu ulipitia Florida: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000, na iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu. Kama babu yupo, mpe shikamoo yangu, na umwulize habari za nyapara na korona, mashine ya kusindika mkonge, kabla hajachoka kusimulia.

Emiliano Zapata, kiongozi wa wakulima katika Mapinduzi ya Mexico, alishinda?
Hakuishi kuona. Kwao Morelos, hacienda za miwa zilikuwa zimemeza ardhi na maji ya vijiji, na mwaka 1911 alitangaza Mpango wa Ayala akidai virudishwe. Aprili 1919 aliviziwa akauawa, tena ndani ya hacienda, Chinameca. Mgawo mkubwa ulikuja na Rais Lázaro Cárdenas, 1934 hadi 1940: hekta zipatazo milioni 18, nyingi zikikabidhiwa vijiji kwa pamoja kama ejido. Mwaka 1992 serikali ikabadili katiba, ardhi ya ejido ikaanza kuruhusiwa kuuzwa. Nadhani lilikuwa kosa kubwa. Tarehe 1 Januari 1994 wakulima wenyeji wa Chiapas walishika silaha, na jina walilojiita ni Wazapatista.