Vita na watu wa kawaida katika riwaya zetu

Ndugu yangu, umeuliza kama riwaya za vita vya wenyewe kwa wenyewe zina lolote la watu wa kawaida, au ni habari za majenerali tu. Zina mengi mno. Msome Chimamanda Ngozi Adichie, Half of a Yellow Sun (2006), juu ya vita vya Biafra huko Nigeria, 1967 hadi 1970. Olanna, msomi aliyezoea raha zake katika mji wa chuo kikuu wa Nsukka, anapanga foleni ya chakula cha msaada. Siku anayopata mkebe wa nyama, askari wa upande wake mwenyewe wanampokonya njiani. Ukurasa huo ulinieleza vita vile kuliko mabomu yote ya kitabuni. Pacha wake, Kainene, anavuka kwenda kufanya biashara upande wa adui, asirudi tena. Hakuna kaburi, hakuna habari.

Kwetu Lamu kilicho karibu zaidi ni cha Nadifa Mohamed, The Orchard of Lost Souls (2013), kuhusu mji wa Hargeisa, kaskazini mwa Somalia, mwaka 1988. Kawsar, mjane, anapigwa kituo cha polisi hata hawezi kusimama. Mji unapopigwa makombora majirani wanakimbia, yeye yuko kitandani. Nawafikiria Wabajuni, watu wa pwani ya kusini mwa Somalia, waliokimbia Kismayu na visiwa vyake kwa vyombo vya baharini baada ya serikali ya nchi hiyo kuanguka 1991: mzee asiyeweza kutembea, nani alimbeba hadi pwani?

Anza na hicho cha pili, ndicho kifupi.