Mhasibu nina miaka 38: nikasome sheria?

SWALI: Nina shahada ya biashara, nimeajiriwa Mwanza. Nataka kuwa wakili. Nimechelewa?

JIBU: Umri si tatizo, ndugu yetu. Shahada ya sheria unaweza kuisoma Chuo Kikuu Huria huku ukiwa kazini. Kinachowakwamisha waajiriwa ni hatua inayofuata: Shule ya Sheria, Dar es Salaam, darasani kwanza, kisha mafunzo kwa vitendo. Likizo ya mwaka haitoshi. Omba ruhusa ya maandishi mapema, na uweke akiba ya kodi ya nyumba na chakula. Mitihani yenyewe si mchezo: mwaka 2022, kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Kama shabaha yako ni ushauri wa kodi tu, cheti cha uhasibu cha CPA na usajili wa Mamlaka ya Mapato (TRA) vitakufikisha mapema zaidi.