Thamani ya mtu katika tafsiri za Biblia: maswali na majibu

Maswali ya safari hii yanazunguka jambo moja: maneno wanayoyachagua watafsiri wa Biblia yanaathirije namna Wakristo wanavyomthamini mtu? Aya nimezinukuu kutoka Biblia ya Kiswahili ya Union Version, kwa kuwa ndiyo waliyoitumia wengi wa walioniandikia.

Zaburi 8:5 inasema mtu amefanywa "mdogo punde kuliko Mungu", lakini Waebrania 2:7, inayonukuu zaburi hiyo hiyo, inasema "kuliko malaika". Ipi ni sahihi?

Zote mbili zimetafsiriwa kwa uaminifu, ila kutoka matini mbili tofauti. Kiebrania cha zaburi kina neno *elohim*, ambalo kwa kawaida ni Mungu, lakini laweza pia kuwa miungu au viumbe wa mbinguni. Wayahudi walioitafsiri zaburi hiyo kwa Kigiriki kabla ya Kristo waliandika "malaika", pengine kwa kuchelea kumsogeza mtu karibu mno na Muumba, na mwandishi wa Waebrania akanukuu Kigiriki hicho. Jerome, mtafsiri mashuhuri wa Kilatini, alituachia zote mbili: zaburi alizozisahihisha kwa kufuata Kigiriki zina malaika, na zile alizozitafsiri moja kwa moja kutoka Kiebrania zina Mungu. Kwa Kiingereza, King James ya 1611 ilifuata malaika, na marekebisho yake ya 1885 yakamrudisha Mungu.

Athari yake si ndogo, kwa sababu aliyekua na "malaika" humwona mtu kama ngazi mojawapo katika safu ya viumbe, na aliyekua na "Mungu" humwona mtu kama aliyepewa cheo kinachomfuata Mwenyezi mwenyewe. Mimi naegemea "Mungu", kwa kuwa aya inayofuata inamtawaza mtu juu ya kazi za mikono ya Mungu, na wazo hilo lina mwangwi wa Mwanzo 1, ambako mtu anaumbwa kwa mfano wa Mungu.

Mhubiri wetu hufundisha kwamba mwili ni takataka, kwa kuwa Paulo alisema, "ndani ya mwili wangu, halikai neno jema". Je, ndivyo Biblia isemavyo?

Sivyo, na hapa Kiswahili chenyewe kinatutega. Paulo ana maneno mawili ya Kigiriki, *soma*, yaani mwili wa mtu, na *sarx*, na Union Version mara nyingi huyatafsiri yote kwa neno moja, "mwili". Aya aliyoinukuu mhubiri, Warumi 7:18, ina *sarx*. Aya isemayo "mwili wenu ni hekalu la Roho Mtakatifu", 1 Wakorintho 6:19, ina *soma*. Msomaji wa Kiswahili anayezisoma zote mbili kwa wiki moja ana haki ya kujiuliza imekuwaje hekalu lisiwe na jema lolote ndani yake.

*Sarx* laweza kuwa nyama tu, au ubinadamu wetu ulio dhaifu, na katika sehemu kadhaa Paulo hulitumia kwa mwelekeo wa mtu anayeishi kwa kumpa Mungu kisogo. Tazama orodha ya "matendo ya mwili" katika Wagalatia 5: pamoja na uasherati na ulevi, zimo ibada ya sanamu, uadui, fitina na husuda. Husuda haitoki katika mifupa wala ngozi. Ni wazi kwamba Paulo hashtaki viungo vya mtu, anashtaki mwelekeo wa maisha yake yote, akili na moyo vikiwemo.

Kutafuta neno bora si kazi rahisi. New International Version ya Kiingereza, iliyokamilika 1978, ilijaribu kusema "asili ya dhambi" katika nyingi ya aya hizi, kisha toleo la 2011 likalirudisha neno la zamani, *flesh* (nyama), karibu kila mahali, maana msomaji alianza kudhani kwamba mtu ana asili mbili zilizotenganishwa kwa ukuta. Pia *sarx* si neno baya kila mara: Yohana 1:14, "Naye Neno alifanyika mwili", inalitumia hilo hilo. Mhubiri anayeuita mwili takataka angeisoma aya hiyo kabla ya kupanda mimbarani.

Nimesikia kwamba fundisho la mtoto kuzaliwa na hatia ya Adamu lilitokana na kosa la tafsiri. Ni kweli?

Ni kweli kwa sehemu. Warumi 5:12 katika Kigiriki inasema mauti iliwafikia watu wote "kwa sababu wote wamefanya dhambi", na Union Version inaisoma hivyo. Kilatini cha kale kilisema *in quo*, maneno yanayoweza kusomeka "ambaye ndani yake", na Augustino, mwalimu mashuhuri wa Kanisa la Magharibi, akaelewa kwamba wanadamu wote walitenda dhambi ndani ya Adamu. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, ulinukuu Kilatini hicho mwaka 1546 ulipotoa tamko lake juu ya dhambi ya asili. Wakristo wa Mashariki, waliosoma Kigiriki, walikazia zaidi urithi wa mauti kuliko urithi wa hatia.

Hata hivyo, fundisho hilo halikusimama juu ya maneno mawili pekee, kwa kuwa watetezi wake hutaja pia Zaburi 51:5 na sehemu iliyobaki ya Warumi 5. Anayedai kwamba lote ni kosa la mkalimani anarahisisha mno.

Mume wangu husema "msaidizi" wa Mwanzo 2:18 maana yake ni mtu wa chini.

Neno la Kiebrania ni *ezer*, na katika Agano la Kale mara nyingi anayeitwa hivyo ni Mungu. "Msaada wangu u katika Bwana", Zaburi 121:2, ni neno hilo hilo. Mwulize mumeo kama Bwana yuko chini ya aliyeiimba zaburi.

Wimbo Ulio Bora 1:5 unasema, "Mimi ni mweusi-mweusi, lakini ninao uzuri." Kwa nini "lakini"?

Kiebrania kina herufi moja tu hapo, *vav*, ambayo yaweza kuwa "na" au "lakini" kwa kutegemea muktadha. Kigiriki cha kale kiliandika "na", Kilatini cha Jerome kikaandika "lakini", King James ikafuata "lakini", na New Revised Standard Version ya 1989 ikachagua "na".

"Lakini" ina hoja yake, kwa sababu msemaji anajitetea: aya ya 6 inasema jua limemwunguza na kwamba ndugu zake walimweka alinde mashamba ya mizabibu. Anachotetea basi ni ngozi ya mtu aliyefanyishwa kazi juani, mbele ya mabinti wa mjini. Hazungumzii mbari. Wasomaji wa karne za baadaye, waliokwisha kuwapanga watu kwa rangi, waliikuta "lakini" ikiwa tayari na wakaipakia mzigo ambao shairi halikuubeba. Ningekuwa mtafsiri ningeandika "na", kisha niiache aya ya 6 ijieleze yenyewe.