Matone ya jeni yanapita wapi kwenye konea?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi wa macho hapa Arua. Nimesikia kuna kijana Marekani aliyerudi kuona kwa matone ya jeni, yaani yanayopeleka jeni isiyo na kosa ndani ya seli za jicho. Konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho, iko nje kabisa, tunaifikia kila siku. Kwa nini matone hayo yasitumike kwa magonjwa yote ya konea? Nina mtoto wa miaka sita, alichomwa na kijiti akapata kidonda, sasa jicho lina weupe katikati.

JIBU: Marahaba, dada. Huko kuwa nje ndiko kunakotudanganya.

Chukua ile karatasi yako ya rangi ya fluoreseini. Kwenye konea isiyo na jeraha, rangi huogelea ndani ya machozi na kuondoka. Hunasa penye mkwaruzo tu, ikang'aa kijani chini ya taa ya buluu. Molekuli ya rangi ni ndogo mno, na bado haipenyi. Sasa virusi vya AAV, vinavyotumika sana kubebea jeni, vina upana wa nanomita 25 hivi: majitu mbele ya molekuli hiyo. Halafu tone moja ni kama maikrolita 50, wakati jicho halishiki hata 30 vizuri. Kinachozidi humwagika shavuni au hushukia puani, ndiyo maana wagonjwa hukuambia dawa ni chungu kooni.

Yule kijana uliyemsikia, wa Miami, alikuwa na ugonjwa wa kurithi wa malengelenge. Jeni yake ya COL7A1, inayotengeneza nyuzi za kushikiza tabaka la juu, ilikuwa na hitilafu, na makovu yakafunika macho. Madaktari waliyaondoa makovu kwa upasuaji kwanza, ndipo wakaanza matone. Mlango ulikuwa wazi! Jeni hiyo ina herufi zaidi ya 8,000, na AAV hubeba takriban 4,700 tu, kwa hiyo ilipakiwa kwenye virusi vya hepesi simpleksi namba 1. Ndiyo, vilevile vinavyowaletea wagonjwa wetu vidonda vyenye umbo la matawi, ila vimenyang'anywa jeni za kuzaliana vikabaki punda wa mizigo. Mimi hilo hunichekesha kila nikilifikiria. Matone yake ilibidi yarudiwe, kwani seli za juu za konea hupukutika na kuzaliwa upya kila siku 7 hadi 10, zikiondoka na jeni mliyoiweka. Ili idumu ingebidi izifikie seli shina, zile zinazozaa seli hizo mpya, na hizo zimejificha ukingoni, pale weusi wa jicho unapokutana na weupe.

Ugonjwa ukiwa kwenye tabaka nene la kati, hapo ni sindano. Mbwa wenye ukungu wa konea kwa sababu ya ugonjwa wa kurithi wa MPS I walichomwa AAV ndani ya tabaka hilo, na konea zikang'aa tena. Tabaka la ndani kabisa hufikiwa kwa kuchoma sindano kwenye chemba ya mbele ya jicho, ile nafasi yenye maji nyuma ya konea. Seli zake kwa mtu mzima hazigawanyiki, kwa hiyo dozi moja inaweza kukaa muda mrefu. Shida ni kwamba maji ya humo hayatulii, hubeba virusi hadi kwenye mifereji ya kutolea maji, mahali ambapo hatukukusudia.

Sasa mtoto wako. Jeni zake hazina kosa lolote, ana kovu. Matone yale hayana cha kumrekebishia hata yakipatikana bure. Anachoweza kuhitaji ni kupandikizwa konea, au miwani tu kama kovu ni jepesi. Ila usikae naye: ubongo wa mtoto wa miaka sita bado unajifunza kuona, na jicho lililozibwa kwa miezi mingi huachwa na ubongo hata likija kusafishwa. Mwandikie rufaa wiki hii. Kabla hajaondoka mpime kwa karatasi ileile. Ukiona kijani, kidonda bado kipo, na hapo tone la steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, lisimguse mpaka ajulikane ana kuvu, bakteria au virusi.