Uliza Ujibiwe: mafungu matatu ya luku, kunguru mwenye kinyongo na maji yanayokimbia Kigamboni

Shikamoo. Nyumba ya bibi hapa Mbagala ilifungwa tangu 2023, mwenyewe alikuwa kijijini. Juzi tumefungua, nikanunua umeme wa elfu tano, nikaletewa namba mafungu matatu badala ya moja. Fundi wa mtaani anasema mita imekufa, tumpe hela alete nyingine. Kijana wa Mbagala

Marahaba. Hela ya fundi ikae mfukoni kwanza.

Ile tokeni ya tarakimu 20 haibebi uniti peke yake, ina pia muda ilipotengenezwa. Muda huo ulikuwa unahesabiwa kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa inatosha dakika 16,777,216 tu. Piga hesabu, ni karibu miaka 32. Hesabu iliishia tarehe 24 Novemba 2024, na mita ambayo haikuwa imeboreshwa ikaanza kukataa tokeni mpya. Wala halikuwa jambo la Tanzania peke yetu. Mfumo huu ulianzia Afrika Kusini na uko nchi nyingi, kwa hiyo kote huko watu walikuwa wanahangaika na vitufe kama sisi. Kabla ya siku hiyo TANESCO ilikuwa inawaletea wateja mafungu ya ziada ya kuboresha mita wakinunua umeme. Bibi hakununua, ndiyo maana yamekukuta wewe leo.

Andika namba zote kwenye karatasi, maana kusoma kwenye simu huku unabonyeza ndiko kunakoleta makosa. Ingiza fungu la kwanza, subiri mita ikubali. Kisha la pili. La tatu ndilo lenye uniti. Usiruke, usianzie mwisho. Ikigoma bado, nenda TANESCO na namba ya mita.

Na kwa kuwa wengi huuliza: hapana, jirani hawezi kukukopesha tokeni yake. Imefungwa kwa mita yake, na mita ikishaipokea mara moja haiipokei tena.

Simu imetumbukia kwenye ndoo ya maji. Niifukie kwenye mchele siku ngapi? Dada wa Sinza

Mchele upike mle. Simu izime, toa laini, ifute, iweke mbele ya feni na usiiguse na chaji mpaka ikauke kabisa. Ingekuwa maji ya bahari ningekwambia uende kwa fundi leo leo, chumvi haisubiri.

Kuna kunguru ananidonoa kichwani kila nikipita chini ya mwarobaini wa jirani. Watu wengine wanapita salama. Jirani anasema nimetupiwa kitu. Mama wa Magomeni

Mama, hujatupiwa kitu. Juu ya huo mwarobaini kuna kiota chenye makinda, na pengine siku moja ulisimama ukatazama, au mtoto wako alirusha jiwe ukiwa naye. Kunguru wanashika sura. Huko Seattle, Marekani, watafiti waliwakamata kunguru wakiwa wamevaa vinyago, na miaka baadaye aliyepita na kinyago kile kile alizomewa na kundi zima, hata na ndege ambao hawakuwahi kukamatwa. Wale ni aina nyingine, lakini hawa wetu ni ndugu zao na hawana upole zaidi.

Hawa wenye shingo ya kijivu si wenyeji. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 wale takataka za mji, wakavuka na bara. Takataka hawajazimaliza, ila mayai na makinda ya ndege wadogo wanayala kweli kweli, na vifaranga vya kuku unavijua mwenyewe. Kunguru wetu wa asili ni yule mwenye kifua cheupe, na siku hizi kumwona mjini ni bahati.

Niliwahi kuona kiota chao kilichoshushwa na wakata miti: henga za nguo, waya wa kufungia nondo, vyote vimesokotwa kwa ustadi, na vijiti vichache tu vya kuzugia. Fundi wa nondo angeona wivu.

Fungua mwavuli ukipita, au zungukia njia nyingine. Makinda yakiruka atakusahau kiasi. Nasema kiasi.

Pawabenki yangu imeandikwa 10,000, betri ya simu ni 5,000, lakini inachaji mara moja na kidogo tu. Nimepigwa Kariakoo? Msomaji, Ubungo

Hukupigwa. Hiyo 10,000 imepimwa kwenye betri ya ndani yenye volti 3.7, lakini waya unatoa volti 5. Kwa hesabu hiyo tu unabaki na 7,400, halafu joto linakula sehemu yake. Ikikupa 6,000 hivi, shukuru.

Wa kumwogopa ni anayeuza ya 50,000 yenye ukubwa wa kipande cha sabuni. Ingekuwa ya kweli ingefika saa-wati 185, na mashirika ya ndege huruhusu kubeba mpaka 100 bila ruhusa maalumu.

Nimehamia Kigamboni kutoka Dodoma. Jumapili moja bahari iko mlangoni, nyingine maji yamekimbia mbali. Watoto wa miaka minne na sita niwapeleke lini? Baba wa wawili

Karibu pwani. Tazama mwezi. Ukiwa mpevu au mwandamo, ni bamvua: maji hujaa mno karibu saa kumi, jioni na alfajiri, na hupwa mno karibu saa nne. Ndiyo hiyo asubuhi uliyokuta mchanga mtupu. Kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki moja mwezi ni nusu na saa zimegeuka: maji yanajaa saa nne asubuhi. Hayo ni maji mafu, hayaji kwa nguvu wala hayaendi mbali. Kwa watoto wa umri huo, chagua Jumapili ya mwezi nusu, na usikae mbali nao hata kama maji yanawafika magotini.