Asante ya mwalimu

Kila tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani, simu yangu hujaa salamu: picha za mishumaa, maua, na mashairi kuhusu chaki. Nazipenda, sitaficha. Ila mwaka juzi, nikizisoma huku nimeegemea kabati la ofisi ya walimu, nilijiuliza: na mimi je, nimemshukuru nani?

Niliripoti kituo changu cha kwanza mwaka 2009, kijiji kimoja cha wilaya ya Nachingwea, Lindi. Mimi mtoto wa Moshi, ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa kule, nilikuwa sijawahi hata kuisikia. Pesa ya kujikimu iliishia kwenye godoro, ndoo mbili na jiko la mafuta ya taa, na mshahara ukachelewa miezi mitatu. Bibi aliyenipangisha chumba hakutaja kodi hata siku moja. Jioni akishaepua, alikuwa anagonga dirisha langu kwa mwiko: "Mwalimu, toka tule." Ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi. Nakula kimya, naona aibu, narudi chumbani kuandika andalio la somo kwa kibatari. Bibi hakuwa na mjukuu shuleni kwetu, wala hakujua kusoma.

Uhamisho ulipotoka mwaka 2014, nilipata lifti ya lori la korosho lililoondoka alfajiri. Nilimwachia kanga pea moja na kumwambia, "Asante bibi kwa yote." Sasa "kwa yote" ni nini? Ni maneno ya mtu mwenye haraka. Ushauri wangu wa kwanza kwa walimu wenzangu ni huo: ukimshukuru mtu, litaje jambo lenyewe, siku yake na chungu chake.

Kituo cha pili kilikuwa Kilosa. Mwaka 2016, michango ya shule ilipofutwa, watoto walifurika. Nilifundisha darasa la kwanza, watoto 143 katika chumba kimoja. Nililia chooni, nasema kweli. Katika ofisi yetu kulikuwa na mzee mmoja, mwalimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, wale waliochukuliwa miaka ya sabini wakiwa na darasa la saba na kufunzwa kazi vijijini, ambao sisi wenye vyeti tulizoea kuwacheka. Mzee huyo, vipindi vyake vikiwa vimeisha, alichukua nusu ya watoto wangu akawapeleka chini ya mwembe. Wakaandika herufi mchangani kwa vidole, akapita akifuta kwa kandambili. Hakuna aliyemwomba, na hakuna posho aliyolipwa.

Baada ya muda mdhibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, alinikuta na kikundi changu mchangani, akanisifu kwa ubunifu. Nilitaka kunyamaza. Walimu tunajua wizi huu: mbinu ya mwenzako unaiandika kwenye andalio lako kama umeiota. Nikamwita mzee, nikasema mbele ya mgeni, "Haya nimefundishwa na huyu." Mzee alirekebisha kofia yake mara tatu. Siku ya kumuaga alipostaafu tulimpa saa ya ukutani, lakini aliyoyasimulia kwenye hotuba yake ni ya yule mdhibiti.

Kwa wazazi uangalifu unahitajika. Mzazi akikuletea kuku, shukuru kwa mdomo na heshima, kisha alama za mtoto wake ziache pale zilipo. Nimeona mwalimu akilipa fadhila kwa kalamu nyekundu, na darasa zima likajua kabla ya Ijumaa. Mzazi ninayemzungumzia mimi hakuleta kuku. Alikuwa anauza maandazi stendi, na kila mwisho wa mwezi alifika na ndoo yake kichwani kuuliza, "Madam, nyumbani nimsaidie wapi?" Darasani kwangu alikuwa peke yake. Wengine huja tukiwaita, na tunawaita kwa ubaya tu: mtoto kapigana, mtoto mtoro. Nikaandika mistari minne nyuma ya daftari la mwanawe kumweleza kwamba ujio wake ndio unaonipa nguvu ya kusahihisha madaftari mengine yote. Mtoto akamsomea mwenyewe, kwa kusuasua, herufi kwa herufi. Kesho yake alinipita getini bila kusema kitu, akanibana mkono tu.

Mpishi wa uji, mlinzi, mwalimu mkuu anayekuombea ruhusa ukiuguliwa: hao unawaona kila siku, huna kisingizio.

Mimi nilikuwa na deni la Nachingwea. Likizo ya Juni mwaka jana nilipanda basi nikaenda. Bibi yupo, macho yamepungua nguvu, sauti ni ileile. Baada ya shikamoo nilikaa kwenye mkeka nikamweleza kila kitu: ile miezi mitatu, mfuko usio na hata mia, na kwamba wiki ya pili nilikuwa nimeshafunga begi nirudi kwetu, mwiko wake ukagonga dirishani.

Alinyamaza kidogo, kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kumbe njaa! Mimi miaka yote nikidhani chakula chetu kinakushinda, mtoto wa watu, unakula kwa kunionea haya."

Akamwita mjukuu wake aende kuchuma kisamvu.